Mitikisiko minne, na mgonjwa bado hawezi kumeza

Nesi wa chumba cha uangalizi hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa thieta, akasubiri niinue kichwa kwenye makaratasi, kisha akasema: "Daktari, hebu njoo umwone yule mama. Anapumua, lakini sijapenda anavyopumua."

Nesi alipomwacha mgonjwa kitandani kuja kuniita, oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 94. Nilipofika ilikuwa 88, na barakoa iko usoni, lita 6 kwa dakika. Mama alilazwa chali, kichwa cha kitanda kimeinuliwa kidogo. Kope zilikuwa zimefunguka nusu, lakini hazikuwa za mtu anayesinzia; zilikuwa za mtu anayejitahidi kuzifungua zikamgomea. Tumbo lilipotoka nje kifua kiliingia ndani, vikipishana kila pumzi. Mate yalijaa pembeni mwa mdomo. Aliinua mkono wa kulia kuelekea kooni, mkono ukaishia njiani, ukatetemeka, ukaanguka juu ya shuka.

Mapigo ya moyo 118. Presha 178 kwa 96. Pumzi 28 kwa dakika, fupi fupi. Mimi, daktari wake wa usingizi, nilikuwa nimemtoa mrija wa hewa dakika 14 zilizopita, kwa mkono wangu, na kwenye chati nilikuwa nimeandika kwamba dawa ya kulegeza misuli imeondolewa na mitikisiko yote minne imerudi, yaani msuli umejibu mapigo yote manne ya umeme ya kupima.

Hilo la mitikisiko lilikuwa kweli. Ndiyo maana nataka kukichambua kisa hiki. Kifaa cha kupima kilikuwepo, kilikuwa kinafanya kazi, nilikitumia, na bado mgonjwa alitoka thieta akiwa amepooza nusu.

Jinsi siku ilivyokwenda

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 67, kilo 58, mwenye presha inayodhibitiwa kwa vidonge. (Umri na upasuaji nimevigeuza kidogo ili asitambulike.) Alikuja kuondolewa kipande cha utumbo mpana kwa njia ya matundu madogo. Kwa upasuaji wa namna hii mikono yote miwili hulazwa kando ya mwili na kufungiwa ndani ya shuka, maana madaktari wawili husimama upande mmoja wakitazama skrini iliyo upande wa pili. Mtaalamu wa usingizi hubaki na kichwa tu. Kichwa, na chochote anachoweza kukifikia kutokea kichwani.

Nilimlaza kwa propofoli na fentanili, nikampa rokuroniamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 40, nikaendelea na sevoflureni, gesi ya usingizi. Kabla ya kisu alipewa antibiotiki mbili, gentamisini na metronidazo. Upasuaji ulichukua saa tatu na dakika kumi. Katikati niliongeza rokuroniamu miligramu 10 mara tatu. Wakati wa kufunga kitundu kikubwa, kile ulikotolewa utumbo, daktari wa upasuaji akalalamika kwamba tumbo limekaza. Nikaongeza miligramu 15. Dakika 22 baada ya hapo ngozi ilikuwa imeshonwa, gesi ya usingizi imezimwa, na mimi nilikuwa na sindano ya neostigmini, dawa ya kuupinga ulegevu, mkononi.

Elektrodi zilikuwa usoni, mbele ya sikio la kushoto, na jicho langu lilikuwa kwenye nyusi. Kichocheo cha neva kilikuwa kile kidogo cha mkononi: kina kitufe, taa, na swichi ya kuzungusha ya kuongeza umeme. Hakina namba yoyote ya kusoma. Nilibonyeza, nyusi ikacheza mara nne. Nikampa neostigmini miligramu 2.5 pamoja na glikopirolati 0.5 ya kuzuia madhara yake. Baada ya dakika 6 alifungua macho alipoitwa, akaniminya vidole, akainua kichwa kutoka kwenye mto, na mashine ikaonyesha anavuta mililita 380 kwa pumzi. Nikatoa mrija.

Joto la mwili lilikuwa 35.3. Hilo nililiona, nikasema blanketi la joto litamalizia kazi kule nje.

Dakika ya 14

Wazo la kwanza lililotajwa kando ya kitanda lilikuwa dawa za maumivu. Mwenzangu alikuwa tayari ameomba naloksoni, dawa ya kuzipinga. Ni wazo la kawaida, na mara nyingi ni sahihi, lakini halikulingana na mtu tuliyekuwa tunamtazama. Aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni hupumua mara chache, polepole, mboni zake ni kama ncha ya sindano, na hana wasiwasi hata kidogo. Ukimwambia vuta pumzi, anavuta nzuri tu halafu anasahau tena. Huyu alikuwa anapumua mara 28 kwa dakika, mboni za kawaida, moyo unakimbia, na hofu iko machoni waziwazi. Alitaka kupumua. Kilichokosekana ni nguvu.

Nilisikiliza kifua: hewa inaingia pande zote mbili, kidogo lakini sawasawa, hakuna mluzi. Hiyo ilipunguza uwezekano wa hewa kuvuja na kubana pafu, jambo ambalo lazima ulifikirie baada ya tumbo kujazwa gesi kwa saa tatu. Nilimsukuma taya mbele, na sauti ya kukoroma kooni ikapungua papo hapo. Kwa hiyo sehemu ya tatizo ilikuwa koo linaloanguka. Damu iliyopelekwa kupimwa gesi ilirudi na pH 7.26 na kaboni dayoksaidi milimita 62 za zebaki, yaani hewa chafu haikuwa inatoka ya kutosha.

Nilimwomba nesi alete kifaa cha pili kutoka thieta ya jirani, kile chenye kihisi cha kidole gumba na skrini. Wakati anakifuata nilibandika elektrodi kwenye kifundo cha mkono, juu ya neva ya alna, upande wa kidole kidogo. Nikamwambia: "Mama, najua unanisikia. Misuli yako bado ina dawa, ndiyo maana unashindwa. Nitakupiga umeme kidogo mkononi, utauma sekunde mbili tu." Alifumba macho na kufumbua, polepole. Nilichukulia kwamba amekubali.

Niliweka miliampea 30 tu. Mgonjwa aliyelala nusukaputi hupigwa 50 au 60, kwa kuwa unataka kila uzi wa neva ushiriki, lakini kwa aliye macho kiasi hicho ni mateso, na kipimo kinachopatikana kwa 30 kinatosha kufanyia maamuzi alimradi mitikisiko yote minne inatokea. Nikashika kidole gumba chake kati ya vidole vyangu viwili, nikabonyeza kwa kichocheo kile kile cha asubuhi.

Tap, tap, tap, tap. Ningeapa kwamba minne yote ilikuwa sawa. Nikabonyeza tena baada ya sekunde kumi na tano, nikiwa nimefumba macho ili nisikilize kwa vidole. Sawa.

Kifaa cha pili kikafika. Tukafunga kihisi kwenye kidole hicho hicho, tukabonyeza. Skrini ikaandika minne, na chini yake: 47%.

Kile ambacho kidole hakihisi

Inabidi nieleze namba hiyo, kwa sababu kisa kizima kimejificha ndani yake.

Neva ikipigwa umeme hutoa asetilikolini, ambayo huvuka pengo na kukaa kwenye vipokezi vya msuli, nao msuli unajikunja. Rokuroniamu hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha. Ajabu ya mwili ni kwamba una akiba kubwa: ni lazima karibu robo tatu ya vipokezi vizibwe ndipo mtikisiko uanze kupungua, na zaidi ya tisa katika kumi ndipo upotee kabisa. Maana yake, msuli unaoonekana mzima unaweza kuwa na nusu ya vipokezi vyake mikononi mwa dawa, na hakuna dalili yoyote.

Dawa hiyo huziba pia vipokezi vilivyo upande wa neva yenyewe, vile vinavyoiambia neva ilete asetilikolini zaidi kutoka ghalani. Kwa hiyo ukiipiga neva mara nne mfululizo, nusu sekunde kati ya pigo na pigo, pigo la kwanza linakuta akiba, la pili pungufu, na la nne linakuta mfuko umelegea. Mtikisiko unafifia. Wataalamu watatu wa Liverpool, Ali, Utting na Gray, walilitumia jambo hili mwaka 1970 na kuleta kipimo ambacho bado tunakitegemea: gawanya urefu wa mtikisiko wa nne kwa urefu wa wa kwanza. Kama yote miwili ni sawa, uwiano ni 1.0. Kama wa nne ni nusu ya wa kwanza, ni 0.5.

Kipimo hiki kina nusu mbili, nasi tulio wengi tunaitumia nusu moja tu. Nusu ya kwanza ni kuhesabu: imerudi mitikisiko mingapi? Hiyo inafanya kazi wakati ulegevu ni mzito. Wa nne hupotea wakati wa kwanza umebaki na takriban robo ya nguvu yake, halafu wa tatu, wa pili, mwisho wa kwanza. Hesabu hiyo hukwambia kama daktari wa upasuaji bado ana nafasi ya kufanya kazi. Lakini ikishafika minne, hesabu imekwisha. Kuanzia hapo hadi kupona kabisa kuna safari ndefu, na kwenye safari hiyo hesabu inabaki ile ile, minne, minne, minne, iwe uwiano ni 0.1 au 1.0.

Safari hiyo ndiyo jicho na kidole vinashindwa kuifuata. Uwiano ukishavuka 0.4 hivi, hata mkono wenye uzoefu wa miaka hauhisi tofauti kati ya mtikisiko wa kwanza na wa nne. Kuna mbinu ya kupiga mafungu mawili ya haraka badala ya mapigo manne, ili mkono ulinganishe vitu viwili badala ya vinne. Hiyo inasogeza upofu hadi karibu 0.6. Haiufuti. Na mstari tunaotakiwa kuuvuka ni 0.9.

Mstari huo nao umehama. Kwa miaka mingi 0.7 ilihesabiwa kuwa inatosha, kwa sababu kwenye 0.7 mtu huvuta hewa ya kutosha. Baadaye watu wa kujitolea walipolegezwa kidogo wakiwa macho na kuchunguzwa koo, ilionekana kwamba chini ya 0.9 umezaji unavurugika, mlango wa juu wa umio unabaki wazi, na chakula au mate huweza kupotea njia. Pia vile vihisi vidogo vya shingoni vinavyoamrisha mtu avute pumzi oksijeni inaposhuka hutumia vipokezi vya ukoo huo huo. Dawa ikivigusa, mwito wa mwili wa kujiokoa unapungua. Kwa hiyo mama yule, kwenye 0.47, alikuwa na koo linaloanguka, hawezi kumeza mate yake, na kengele yake ya ndani imefunikwa kitambaa.

Wengine wakisikia hivi husema ni kwa sababu niliongeza dawa mwishoni. Ndiyo, niliongeza. Lakini mwaka 2003 Debaene na wenzake nchini Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 526 waliopewa dozi moja tu ya dawa hizi za muda wa kati, bila nyongeza na bila kupewa dawa ya kuiondoa. Miongoni mwa waliopimwa baada ya saa mbili au zaidi, asilimia 37 walikuwa bado chini ya 0.9. Saa mbili, dozi moja. Tangu niijue namba hiyo, sentensi "dawa itakuwa imeshaisha" siisikii tena kwa amani.

Nyusi zilinidanganya

Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi ya pengine pote.

Misuli haipoi kwa pamoja. Kiwambo cha kupumulia ni kigumu. Hulegea kwa shida na hurudi mapema. Misuli ya zoloto na ile inayokunja nyusi hufuata mwendo wa karibu na huo. Kidole gumba huchelewa. Misuli ya koo, ile inayoshika njia ya hewa wazi na kusukuma mate chini, nayo ni ya wachelewaji. Ukitaka kujua kama koo limeamka, uliza msuli unaochelewa pamoja nalo. Ukiuliza nyusi, zitakujibu kuhusu kiwambo.

Kwa hiyo nilipoona nyusi zikicheza mara nne, kwenye kidole gumba huenda ulikuwa mtikisiko mmoja au miwili. Na si hivyo tu. Usoni elektrodi hukaa juu ya misuli yenyewe. Umeme unaweza kuruka neva na kuupiga msuli moja kwa moja, na msuli uliopigwa hivyo hucheza hata kama kila kipokezi kimezibwa. Unakuwa unatazama msuli ukijibu swali ambalo hukuliuliza.

Utafiti mmoja wa mwaka 2012 ulilinganisha wagonjwa waliofuatiliwa kwa misuli ya macho na waliofuatiliwa kwa kidole gumba. Kundi la kwanza lilifika chumba cha uangalizi na ulegevu uliobaki kwa asilimia 52, la pili 22. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani uliotoka mwaka 2023 unakataza waziwazi kutumia misuli ya macho, na unataka kipimo chenye namba, kwenye kidole gumba, kisome angalau 0.9 kabla ya mrija kutoka. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka huo huo nao unataka namba kubwa kuliko 0.9.

Mikono ilikuwa imefungwa, nitasema. Ni kweli kwa saa tatu. Lakini shuka zilipotolewa mwishoni mikono ikawa huru, na mimi nilikuwa na dakika nzima nikiandaa sindano. Kuhamisha elektrodi mbili kutoka sikioni hadi kwenye kifundo cha mkono ni kazi ya sekunde ishirini. Sikuzihamisha kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka.

Neostigmini ilipewa kazi isiyo yake

Neostigmini haiondoi rokuroniamu. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili asetilikolini iongezeke na kushindania vipokezi. Ina dari: kimeng'enya chote kikishazuiwa, kuongeza dozi hakuongezi chochote, na ndiyo maana kikomo ni 0.07 ya miligramu kwa kilo, isizidi miligramu 5. Kama dawa ya kulegeza bado ni nyingi, mashindano yamekwisha kabla hayajaanza. Inahitaji pia muda. Kilele chake huja kati ya dakika 7 na 11. Niliitoa wakati kidole gumba huenda kilikuwa na mtikisiko mmoja au miwili, nikamtoa mrija dakika ya 6. Makosa mawili kwenye sindano moja. Mwongozo ule wa Marekani unaiachia neostigmini kazi ndogo tu: mitikisiko yote minne imerudi na uwiano umeshafika 0.4 au zaidi. Huwezi kulijua hilo bila namba.

Yaliyobaki yalijazia kibaba. Baridi hupunguza kasi ya rokuroniamu kuondoka. Gentamisini nayo hulegeza. Mabaki ya sevoflureni vilevile. Umri wa miaka 67 hurefusha muda wa dawa. Na kaboni dayoksaidi ilipoanza kupanda, asidi kwenye damu ikauongeza ulegevu, ulegevu ukapandisha kaboni dayoksaidi. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa siri. Yote yalikuwa kwenye chati, kila moja kwenye mstari wake, na hakuna aliyeyajumlisha.

Ule mstari wa kuinua kichwa na kuminya vidole nauacha ujisemee. Watu wa kujitolea wameweza kushikilia kichwa juu kwa sekunde 5 uwiano ukiwa karibu na 0.6, na wengine chini ya hapo. Mililita 380 alizivuta kiwambo, ambacho, kama nilivyosema, huamka kabla ya wengine. Jaribio pekee la kitandani linalokaribia ukweli ni kung'ata kijiti cha kutazamia koo kwa meno ya mbele na kukataa kisivutwe. Hilo hushindikana hadi karibu 0.85. Nani atamfanyia hivyo mtu mwenye mrija mdomoni?

Na lile tumbo lililokaza? Nikirudi nyuma, naamini lilikuwa limekaza kwa sababu nilikuwa nimeshapunguza gesi ya usingizi mapema ili aamke haraka. Propofoli kidogo ingetosha. Niliongeza dawa ya kulegeza kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, na kwa sababu ukiambiwa "amekaza" huwa hufikirii, unachoma.

Alivyoamshwa

Nilimshikia taya, nesi akambana barakoa na kumsaidia pumzi kwa mfuko, taratibu, tukifuata pumzi zake mwenyewe. Oksijeni ikapanda 95. Sugamadeksi ilitoka kabatini baada ya ufunguo kutafutwa. Dawa hii haishindani na mtu. Huizingira rokuroniamu molekuli kwa molekuli ndani ya tundu lake na kuiondoa kazini. Hufanya hivyo kwa rokuroniamu na vekuroniamu tu; kwa atrakuriamu, dawa nyingine ya kulegeza, haina msaada. Kwa ulegevu wa kiwango hiki dozi ni miligramu 2 kwa kilo, yaani 116. Tulimpa 120 kwenye mshipa, tukisimama tayari kwa mzio mkali, maana hutokea, ingawa ni kwa nadra.

Sekunde 90, skrini 78%. Dakika mbili na nusu, 96%. Dakika ya tatu mama akameza. Niliisikia sauti ya kumeza kabla sijamwona akimeza. Akavuta pumzi moja ndefu, kifua na tumbo vikipanda pamoja, akasema kwa sauti ya kukwaruza: "Asante." Halafu akaanza kulia.

Kama sugamadeksi isingekuwepo, njia ingekuwa moja: kumlaza tena kwa propofoli, kumrudishia mrija, kumpasha joto, na kungoja namba. Wenzangu wengi hufanya kazi bila dawa hii na hakuna aibu katika kungoja. Kuongeza neostigmini juu ya neostigmini kwa mtu anayeishiwa nguvu mbele yako ni kamari. Itachelewa, na mate yataongezeka.

Kesho yake nilikwenda wodini kumwambia kilichotokea, na kwamba lilikuwa kosa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Niliwasikia," akasema. "Mmoja alisema huyu bado amelala. Nilitaka kusema sijalala. Kifua kilikuwa kama kimekaliwa na mtu." Akanyamaza kidogo. "Wewe ndiye uliyeniambia mama najua unanisikia?" Nikasema ni mimi. "Hapo ndipo nilipoacha kuogopa kwamba nimekufa."

Sikuwa nimepanga kusema maneno yale. Yalinitoka tu wakati nabandika elektrodi. Siku hizi huyasema kwa kila mgonjwa ninayemshuku, kabla ya kugusa chochote.

Kilichobadilika

Kulikuwa na kikao, na kwenye kikao mwenzetu mmoja mzoefu aliuliza swali zuri: kama namba ni muhimu hivi, mbona tumefanya kazi miaka yote bila namba? Jibu ni kwamba wagonjwa wengi husamehe. Kijana mwenye mapafu mazima akitoka na 0.7 atahangaika kidogo, ataona vitu viwiliviwili, na baada ya nusu saa atakuwa mzima. Tutaandika kwamba aliamka vizuri. Dawa za kulegeza zilianza kuenea thieta baada ya madaktari Griffith na Johnson kuzitumia mjini Montreal mwaka 1942, na kufikia 1954 Beecher na Todd, waliopitia usingizi wa wagonjwa karibu laki sita katika hospitali 10 za Marekani, walikuwa wameshaonyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa dawa hizo. Tafsiri yao ilibishaniwa sana. Lakini onyo halikukosekana.

Kwa hiyo kifaa chenye skrini sasa hakiazimwi. Kiko kwenye kila meza tunayotumia dawa hizi. Kihisi hufungwa mgonjwa akishalala na kabla ya rokuroniamu, kwa sababu vihisi vya mchapuko, vile vinavyopima kidole kinavyoruka, vina tabia moja: kwa mtu asiye na dawa yoyote vinaweza kusoma 1.10 au zaidi. Kama hukujua namba ya mwanzo, 0.90 ya mwisho ni 0.82 iliyovaa koti. Asiyepata namba ya mwanzo hungoja 1.0 kamili. Kidole gumba lazima kiwe huru kucheza. Kikigusa shuka, namba ni uongo. Kwa mikono iliyofungwa tunatumia kifaa kinachosoma umeme wa msuli badala ya mwendo wake, na kikikosekana, neva iliyo nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, ambayo hukunja kidole kikubwa cha mguuni.

Wiki ya tatu baada ya kisa hiki alikuja mgonjwa wa upasuaji kama ule ule, mikono imefungwa, sugamadeksi imeisha. Ngozi ilishonwa, nikatoa neostigmini ikiwa uwiano ni 0.45. Baada ya dakika 6 alifungua macho, akaniminya vidole, akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Yuko macho," daktari wa upasuaji akasema, akivua glovu. "Tunangoja nini?"

Skrini ilisoma 0.72. Nikarudisha sevoflureni kidogo, nikavuta kiti, nikakaa. Tulingoja dakika 13.